Somo juu ya Kuku wa Kijiji: Mambo Yanayowaongeza na Mambo Yanayowapunguza

Msomaji, somo hili limeandikwa kwa ajili yako wewe ukaaye Tenke, au katika vijiji vya kati ya Fungurume na Kolwezi. Lisome polepole, na ukiwa na jirani asiyejua kusoma, msomee. Mambo yake si magumu, wala hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji macho, bidii ya kila siku, na mapatano ya watu wakaao pamoja.

Katika nchi ya Lualaba watu hutazama sana mali iliyo chini ya ardhi, yaani shaba na kobalti. Lakini mali hiyo si ya kila mtu. Mwaka 2009 mgodi mkubwa wa Tenke na Fungurume ulianza kutoa madini, na mashamba mengine yakaingia ndani ya mipaka yake. Mtu aliyepungukiwa na shamba hawezi kuzidisha mahindi apendavyo, bali kuku aweza kuwazidisha, maana kuku hahitaji shamba kubwa. Mama mwenye lupango ndogo nyuma ya nyumba yake aweza kufuga kuku 20, naye akapata fedha ya daftari za watoto, ya dawa na ya chumvi, bila kumwomba mtu. Kwa hiyo kuku si kitu cha mchezo.

Basi kwa nini watu wengi wana kuku 3 au 4 tu mwaka baada ya mwaka? Wengine husema, Mkono wangu si wa kufuga. Wengine husema, Jirani ana kijicho. Sivyo. Kuna sababu, nazo zaonekana kwa macho. Tuzitazame moja moja.

1. FANYA HESABU KWANZA

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15, kisha huatamia. Baada ya siku 21 vifaranga hutoka. Akitunzwa, aweza kufanya hivyo mara 3 kwa mwaka.

Tuseme una mtetea mmoja. Kila mara aangua vifaranga 10, basi kwa mwaka ni vifaranga 30. Ukiwa na mitetea 4, ni vifaranga 120. Je, mwisho wa mwaka unao kuku 120? Hunao. Labda unao 8. Wamekwenda wapi hao wengine?

Chukua kipande cha mkaa, uandike ukutani alama kila kifaranga kifapo, na kando yake uandike sababu: mwewe, baridi, njaa, maradhi, mwizi. Baada ya miezi 3 ukuta wako utakufundisha kuliko maneno ya watu. Katika vijiji vingi vya Afrika yameonekana mambo mawili. La kwanza, nusu ya vifaranga au zaidi hufa kabla ya kutimiza miezi 2. La pili, wale waliopona na kukua, mara hufagiliwa wote pamoja kwa maradhi ya ghafula. Mwenye kuziba matundu haya mawili, kuku wake wataongezeka hata kama hakununua kuku mwingine.

2. MAJIRA YA NCHI YETU

Nchi ya Tenke iko juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza kwa nguvu mwezi wa 11 na hukoma mwezi wa 4. Kiangazi ni kirefu, na katika mwezi wa 6 na wa 7 usiku huwa na baridi kali. Kila majira yana hatari yake na faida yake.

Wakati wa baridi kifaranga asiye na manyoya hufa upesi kama halali mahali pa joto. Wakati wa mwisho wa kiangazi wadudu na majani mabichi ni haba, na kuku hukonda. Mvua za kwanza zinapokuja, kumbikumbi hutoka kwa wingi, nao ni chakula kizuri sana. Lakini unyevu huleta kuhara damu kwa vifaranga wanaolala juu ya mavi mabichi. Kwa hiyo mtu mwenye akili hutayarisha mambo kabla ya majira kufika: hukarabati kibanda kabla ya baridi, huweka akiba ya chakula kabla ya njaa, na huezeka upya kabla ya mvua.

3. CHAKULA

Wengi hudhani kuku atajitafutia mwenyewe. Ni kweli kuku mkubwa huchakura na kupata wadudu, mbegu na majani. Lakini fikiri: kama nyumba 10 zina kuku 5 kila moja, chakula cha uwanjani chawatosha. Kama kila nyumba ina kuku 20, uwanja ni ule ule, na wote watabaki na njaa. Anayeteseka kwanza ni kifaranga, maana kuku wakubwa humpokonya.

Kwa hiyo wape chakula cha nyongeza asubuhi kabla ya kutoka, na jioni kabla ya kuingia. Si lazima kununua chakula cha dukani. Vitu hivi viko karibu nawe:

(a) Pumba za mahindi, na mahindi yaliyovunjika. Yasiwe na ukungu, kwa maana ukungu ni sumu kwa kuku, na kwa watu pia.

(b) Mabaki ya bukari na machicha ya pombe yaliyokaushwa juani.

(c) Majani mabichi yaliyokatwakatwa. Sombe mbichi usiwape, kwa sababu ina sumu; iliyotwangwa na kupikwa yafaa.

(d) Mchwa. Nchi yetu ina vichuguu vikubwa kuliko nyumba, na ndani yake mna nyama ya bure. Chukua chungu kikuukuu, ukijaze majani makavu na mavi ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyoloweshwa maji kidogo. Toboa kichuguu kidogo, ukakifunike chungu hicho juu ya tundu, kinywa chini. Fanya hivyo jioni. Asubuhi na mapema kiinue upesi: mchwa watakuwa wamepanda ndani. Wamwagie vifaranga. Chakula hiki hukuza nyama na manyoya, nacho ndicho vifaranga wanachokosa mara nyingi.

(e) Maganda ya mayai yaliyochomwa kidogo na kupondwa, ili mitetea watage mayai yenye ganda gumu.

Usisahau maji. Kuku aweza kukaa kitambo bila chakula, lakini bila maji hatagi. Weka chombo kizito kisichopinduka, kivulini, ukibadilishe maji kila asubuhi. Kwa vifaranga tia mawe madogo ndani ya chombo, wasitumbukie wakafa.

Tena neno moja kwa ajili ya watu wa nchi ya migodi. Mwaka 2009 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walieleza ya kuwa watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wamekutwa na kobalti nyingi mwilini, na vumbi ni mojawapo ya njia zake. Kuku hula chini, kwa hiyo humeza udongo pamoja na chakula. Usiweke kibanda kando ya barabara ya magari ya mawe, wala usiwanyweshe kuku maji yatokayo mahali pa kuoshea madini. Mawe ya madini yasivunjwe wala kuoshwa uwanjani ambapo kuku na watoto hucheza.

4. NYUMBA YA KUKU

Kuku wengi hulala jikoni, juu ya mti, au chini ya uvungu wa kitanda. Alalaye juu ya mti huchukuliwa na kanu au bundi, naye hunyeshewa. Alalaye ndani ya nyumba huchafua hewa ya watoto. Jenga kibanda.

Kifanye kwa miti, udongo na nyasi, kama nyumba yako mwenyewe. Kiinue juu ya nguzo, kimo cha goti au zaidi, na nguzo uzizungushie majivu au oili chafu ya gari, siafu wasipande. Mita 1 ya mraba yawatosha kuku 5 au 6 kulala. Acha madirisha madogo upande usiopigwa na upepo, uyazibe kwa wavu au fito zilizokaribiana, hewa ipite lakini nguchiro asipite. Mlango uelekee nyumba yako, na usiku ufungwe. Ndani weka fito za kulalia, na masanduku au vikapu vyenye nyasi kavu vya kutagia.

Kila juma ondoa mavi yote. Usiyatupe: yafukie shimoni, na baada ya miezi michache yatie katika bustani ya mboga. Utaona tofauti. Hivyo kuku mmoja hukupa mara mbili.

Utitiri ni adui mdogo anyonyaye damu usiku. Mtetea mwenye utitiri huacha mayai yake yakiharibika. Nyunyiza majivu makavu katika viota, na uchimbe shimo dogo la vumbi na majivu uwanjani, kuku wajipigie humo.

5. VIFARANGA: MIEZI 2 YA KWANZA

Hapa ndipo mali nyingi hupotea, basi hapa ndipo pa kuweka nguvu.

Chagua mayai ya kuatamiwa: mapya, yasiyozidi siku 10, makubwa, safi, yasiyo na ufa. Usimpe kuku mayai mengi kuliko awezayo kuyafunika. Baada ya siku 7 yatazame usiku mbele ya taa: lenye mishipa ndani lina kifaranga; lililo jeupe tupu liondoe.

Vifaranga wakitoka, usiwaache wamfuate mama yao porini siku ile ile. Suka tenga kubwa la fito au la mianzi, lenye kinywa chini, uwafunikie vifaranga pamoja na mama yao mahali pakavu. Ndani ya tenga mwewe hawezi kuingia, mvua haiwapigi, na kuku wakubwa hawawanyang'anyi chakula. Wakae humo kwa majuma 4 mchana, ukilihamisha tenga kila siku mahali safi, na usiku waingie katika kikapu chenye nyasi kavu ndani ya nyumba, hasa wakati wa baridi.

Baada ya juma la 4, na wakati wa baridi baada ya la 6, waweza kumtenga mama yao. Vifaranga wakae pamoja mahali pa joto, ukiwalisha mwenyewe. Mama asipokuwa na watoto wa kutunza, mwili wake hurudi, na baada ya muda mfupi hutaga tena. Lakini kama huna chakula cha kuwapa vifaranga, usiwatenge: utampata mama mwenye kutaga, na watoto maiti.

Angalia jogoo pia. Jogoo 1 awatosha mitetea 10. Asiwe ndugu yao. Badilishaneni majogoo na watu wa kijiji kingine kila mwaka, maana damu ile ile ikizaliana siku zote, kuku hudhoofika na mayai huwa matupu.

6. MARADHI YANAYOFAGIA KIJIJI

Kuna maradhi mengi ya kuku, kama ndui inayoota vipele kichwani, na kuhara damu kwa vifaranga. Lakini moja hushinda yote kwa ukali. Hutajwa kwa jina la Newcastle, mji wa Uingereza, kwa kuwa waganga waliyatambua huko mwaka 1926. Mwaka huo huo yalionekana pia katika kisiwa cha Java. Watu wa Tanzania huyaita kideri au mdondo.

Dalili zake ni hizi: kuku hujikunyata na kushusha mabawa, hupumua kwa taabu akifungua kinywa, huhara mavi ya kijani, shingo hupindika, miguu na mabawa hupooza, wengine hufa ghafula bila kuonyesha dalili. Katika siku chache kijiji kizima chaweza kubaki bila jogoo wa kuwika.

Jua jambo hili na ulishike sana: kuku aliyekwisha kuugua maradhi haya hana dawa. Vidonge vya watu havimponyi, wala pilipili, wala majivu. Dawa ni kuzuia tu, kwa chanjo, naye apewe angali mzima.

Chanjo ziko za namna nyingi. Nyingine hutiwa katika maji ya kunywa, nyingine hudondoshwa jichoni. Iko moja iitwayo I-2, iliyofanyizwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya kuku wa vijijini. Huvumilia joto kuliko zile za zamani, ingawa haifai kuachwa juani. Hiyo hutolewa tone 1 katika jicho 1, na kifaranga hupewa tone lile lile apewalo jogoo. Muulize mganga wa wanyama wa Fungurume au wa Kolwezi ni ipi ipatikanayo, nawe ufuate maneno yake. Chanjo yahitaji kama majuma 2 ili kuku apate nguvu ya kuyashinda maradhi, nayo haidumu siku zote. Kwa hiyo hurudiwa kila miezi 4. Chagueni miezi 3 ya kukumbukwa na wote, kama wa 3, wa 7 na wa 11.

Kichupa kimoja chaweza kutosha mamia ya kuku. Mtu mmoja mwenye kuku 8 ataona bei yake ni kubwa. Nyumba 20 zikichanga, kila nyumba hutoa kidogo sana. Zaidi ya hayo, wewe ukichanja peke yako na majirani wote wasichanje, maradhi yatakaa mlangoni pako, na vifaranga wako waliozaliwa baada ya chanjo watakufa. Kwa hiyo chanjo ni kazi ya kijiji, kama vile kuchimba kisima.

Sasa tutazame maradhi huingiaje. Tenke ni mahali pa njia. Gari la moshi lilifika Lubumbashi, iliyokuwa ikiitwa Elisabethville, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Mwaka 1931 njia ya kwenda Dilolo na bandari ya Lobito ilimalizika, na Tenke ndipo njia hizo zinapoachana. Tena malori hupita kila siku kati ya Likasi na Kolwezi. Njia ileteayo wanunuzi ndiyo iletayo maradhi. Huja ndani ya tenga la mchuuzi, juu ya manyoya, katika mavi yaliyonata viatuni.

Mara nyingi mambo huenda hivi: kuku mmoja akifa, mwenyewe huogopa hasara, huwakamata waliobaki na kuwauza upesi sokoni kwa bei ya chini. Anayenunua hufurahi, huwapeleka kwake, na baada ya siku 5 au 6 kuku wake nao huanza kufa. Mtu huyo hakuokoa mali yake, bali ameua mali ya kijiji kingine. Na siku nyingine yatamrudia yeye kwa njia ile ile.

Basi shikeni sheria hizi nne:

Kwanza, kuku mgonjwa asipelekwe sokoni, wala asitumwe zawadi kwa ndugu.

Pili, kuku aliyekufa afukiwe shimo refu au achomwe moto. Matumbo na manyoya yasitupwe njiani.

Tatu, kuku mgeni, awe wa kununuliwa au wa mahari, afungiwe peke yake kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Nne, kuku wengi wakifa kwa pamoja, mpasheni habari mkuu wa kijiji na mganga wa wanyama siku ile ile. Liko pia homa kali ya ndege ambayo dalili zake hufanana na hizi, nayo yaweza kumdhuru mtu. Watoto wasiwashike kuku hao, na aliyewashika anawe kwa sabuni.

7. KUUZA

Mji wa migodi hula nyama nyingi. Kuku wa barafu kutoka nchi za mbali huuzwa madukani, lakini watu wengi hupenda kuku wa kijiji, maana nyama yake ina ladha na hufaa kumkaribishia mgeni. Soko lipo. Lakini muuzaji asiye na mpango hushindwa.

Usiuze mitetea mizuri kwa sababu ya shida ya siku moja. Uza majogoo yaliyozidi kwanza. Tayarisha kuku wa kuuza wakati wa Krismasi, Mwaka Mpya na kufunguliwa kwa shule, ambapo bei hupanda au fedha yahitajiwa. Ili kifaranga awe tayari mwezi wa 12, yapasa aanguliwe karibu na mwezi wa 6 au wa 7, yaani wakati wa baridi. Nawe sasa wajua jinsi ya kumtunza katika baridi hiyo. Wengi hawawezi, ndiyo maana kuku huwa ghali wakati huo.

Tena, ninyi akina baba, sikieni. Mara nyingi anayelisha kuku ni mama na watoto, lakini siku ya kuuza fedha hushikwa na mwingine. Mtu asiyeona faida ya kazi yake huiacha. Mama na mtoto wapewe sehemu yao, nao watawatunza kuku kama macho yao.

8. NENO LA MWISHO

Umeona, msomaji, ya kuwa baadhi ya mambo haya ni ya nyumbani mwako: tenga, kibanda, maji, mchwa, majivu. Anza nayo leo, bila kumngoja mtu. Mengine ni ya kijiji: chanjo na kutouza kuku wagonjwa. Haya hayafanyiki na mtu mmoja. Waombeni wakuu wenu wawakusanye, mchague watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wafundishwe kuchanja na kushika hesabu ya michango. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI

1. Mtetea wako ameangua vifaranga wangapi mwaka uliopita, na wangapi walifika miezi 6? Waliobaki walipotea kwa sababu gani?

2. Kwa nini vifaranga wakae chini ya tenga kwa majuma 4?

3. Kuku wa jirani ameanza kuhara kijani na kupindika shingo. Wewe na yeye mfanye nini? Msifanye nini?

4. Nyumba za mtaa wako ni ngapi, na kuku wote ni wangapi? Pigeni hesabu ya mchango wa kila nyumba kwa chanjo moja, mkamwulize mganga wa wanyama bei ya kichupa.